Kuzala Zamani na Kuzala Leo: Namna ya Kutunza Mama Mzazi na Mtoto Mchanga kwetu Katanga



Mu vitabu vya desturi tunazoea kusoma juu ya ufalme, ndoa, kilio na ngoma. Juu ya kuzala tunasoma kidogo sana. Sababu yake inaeleweka. Kuzala ni jambo la wamama, linafanyika ndani ya nyumba, mlango umefungwa, na wanaume walioandika desturi zetu hawakuingia mule. Lakini hakuna desturi inayomgusa kila mtu sawa hii. Si kila mtu anatawala, si kila mtu anaoa. Lakini kila mtu alizaliwa, na mikono ya mtu fulani ilimpokea.

Hapa Mitwaba, na kule Lubumbashi pia, kuna neno ambalo wazee wanalisema kila mara: kwamba mabinti wa leo wanazala haraka haraka, mmoja mgongoni, mwingine tumboni, kwa sababu wamepoteza heshima ya bankambo. Sisi tunaofundisha historia mu shule za sekondari tunaona ni vizuri kuuliza: je, ni kweli heshima ndiyo iliyopotea? Au kuna mambo mengine yaliyoivunja ile desturi, na yanajulikana kwa majina na kwa miaka? Mu kurasa hizi tutaangalia kwanza namna ya kijiji, kisha namna ya kampi ya Union Minière, kisha yaliyotokea nyuma, na mwisho yale ambayo wachunguzi wa leo wamegundua. Msomaji atapima mwenyewe.

1. Mu kijiji: mama hakuzala peke yake

Kwa Waluba, Wasanga, Wazela na majirani wao, mimba haikuwa mali ya mume na bibi peke yao. Ilikuwa ya ukoo muzima. Mama mwenye mimba alipewa miiko: vyakula fulani asile, njiani asisimame ovyo, mlangoni asikae. Miiko hii ilitofautiana toka ukoo hadi ukoo. Mingine ilikuwa na faida, sawa ile iliyomkataza kubeba mizigo mizito mu miezi ya mwisho. Mingine ilimnyima chakula alichohitaji, kwa mfano mayai, ambayo mu sehemu nyingi wamama walikatazwa wakati mwili ulipoyataka zaidi.

Siku ya uchungu alikuja mama mzalishaji. Wale wanaoandika Kiswahili cha pwani wanamwita mkunga. Kwa kawaida alikuwa mama mzima, aliyekwisha kuzala mwenyewe mara nyingi, na ujuzi wake aliupokea kwa mama yake ao kwa shangazi yake. Wamama wawili watatu walimshika mzazi mgongoni na mabegani, akichuchumaa ao akikaa. Kitovu kilikatwa, kondo la nyuma likazikwa. Mama akakandwa kwa maji ya moto, akapewa uji, akakaa ndani na mtoto mpaka kitovu kuanguka. Nyuma ya hapo mtoto alitolewa inje, akaonyeshwa kwa watu. Jina alipewa la mkubwa wa ukoo, mara nyingi aliyekwisha kufa, na watu wakasema: «Amerudi.» Kama walizaliwa mapasa, Waluba waliwaita Kyungu na Kabange, na tata na mama yao walipata cheo kipya mu kijiji. Mpaka leo, mu mitaa ya Lubumbashi, mama mapasa anaimbiwa nyimbo ambazo siku nyingine hakuna mtu angethubutu kuziimba mbele ya watu.

Hiyo ndiyo sehemu nzuri. Lakini historia haifichi sehemu nyingine. Kama uchungu ulizidi na mtoto hatoki, mu makabila mengi ya Katanga, na ng'ambo ya mpaka kule Zambia, wamama wazee walianza kumuuliza mzazi: «Sema jina.» Maana yake aungame jina la mwanaume mwingine, kwa sababu waliamini uzinzi ndio unaofunga njia. Wakati mwingine na mume aliulizwa. Leo tunajua kwamba kinachofunga njia ni kichwa cha mtoto kikubwa kuliko mfupa wa mama, ao mtoto amelala kingamo. Mama aliyekuwa akikufa aliulizwa maswali, akaaibishwa, na saa zikapita. Wengi walizikwa na aibu ambayo haikuwa yao.

2. «Mutoto hayatembea bado»

Desturi iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya kuachanisha uzazi. Mama alinyonyesha miaka miwili, mara nyingi zaidi, na muda huo hakulala na mume wake. Kama mtu aliuliza, jibu lilikuwa fupi: «Mutoto hayatembea bado.» Watu waliamini kwamba mimba mpya inaharibu maziwa, na mtoto anayenyonya ataanza kukonda. Mama aliyeshika mimba mapema alichekwa, na mume wake alichekwa zaidi.

Tuangalie vizuri namna desturi hii ilivyosimama, kwa sababu haikusimama kwa heshima tu. Ilisimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza: mama mzazi alirudi mara nyingi kwa mama yake, ao nkambo alikuja kulala naye nyumbani. Ya pili: wanaume wengi wenye mali walikuwa na bibi wawili ao watatu. Ya tatu: kijiji kizima kilikuwa macho, kikihesabu miezi. Ukiondoa nguzo hizi tatu, desturi itaanguka, hata kama kila mtu anaiheshimu moyoni.

3. Kampi ya Union Minière: kilo, maziwa na posho

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na mu 1911 ilianza kuyeyusha shaba Lubumbashi, mji ulioitwa wakati ule Elisabethville. Mu miaka ya kwanza kompani haikutaka wamama. Wafanyakazi walikuja peke yao, kwa miezi michache, wengi toka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Waliishi vibaya, walikufa wengi, na waliobaki walirudi kwao.

Karibu na mwaka 1925 kompani iligeuza mawazo. Watu wa kuandikwa kazi walikuwa wamepunguka. Wabelgiji wenyewe walikuwa na hofu kwamba wakaaji wa Congo wanaisha, kwa sababu ya ugonjwa wa usingizi, kazi za nguvu na mafua makubwa ya 1918. Tangu 1912 ilikuwako kule Ubelgiji chama cha kulinda watoto weusi wa Congo. Basi Union Minière ikaamua: mfanyakazi aje na bibi yake, akae miaka mitatu, azale watoto, na watoto hao wawe wafanyakazi wa kesho. Mtu aliyesimamia siasa hiyo alikuwa munganga, Dokta Léopold Mottoulle. Mwaka 1946 aliandika ripoti juu ya miaka 20 ya kazi hiyo, na mule anaonyesha kwa furaha namna kampi zilivyojaa watoto.

Mambo yalipangwa namna gani? Bibi wa mfanyakazi alipata posho yake, na mtoto posho yake. Mwenye mimba alipaswa kwenda kupimwa. Alizalia ku materinite, si nyumbani. Nyuma ya hapo alipeleka mtoto ku kilo: mtoto anawekwa ndani ya mizani, uzito unaandikwa, na mama ambaye mtoto wake amekonda anaulizwa. Watoto walioanza kula walipewa chakula ku kantini, mbele ya macho ya wasimamizi, ili posho ya mtoto isiliwe na wakubwa. Watoto wadogo walipewa maziwa na uji ili waache ziwa mapema.

Hapo ndipo tunaomba msomaji asimame kidogo. Kwa nini kompani ilitaka watoto waache ziwa mapema? Mwanahistoria Mmarekani Nancy Rose Hunt aliandika juu ya jambo hili mwaka 1988. Anaonyesha kwamba Leta, kompani na misheni waliona kunyonyesha kwa muda mrefu na kule kukataa kulala na mume kuwa sababu moja inayofanya watoto kuwa wachache. Kwa hiyo maziwa ya kampi yalikuwa na kazi mbili: kumlisha mtoto, na kumrudisha mama kwa mume wake ili azale tena.

Tukumbuke sasa zile nguzo tatu. Mu kampi nkambo hakuwako, alibaki ku kijiji. Bibi wa pili alikatazwa, nyumba ilikuwa ya mume mmoja na bibi mmoja. Kijiji cha kuhesabu miezi hakikuwako. Aliyehesabu alikuwa muzungu wa kampi, naye alifurahi miezi ikiwa michache. Nguzo zote tatu zilianguka mu kizazi kimoja. Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ameandika vizuri mu kitabu chake cha 2001 juu ya «Bana Shaba» namna kompani iliingia mpaka ndani ya jamaa na kukamata nafasi ya tata.

Je, tuseme basi kazi ya kampi ilikuwa mbaya tupu? Hapana, hiyo itakuwa kusema uongo. Watoto wengi ambao wangekufa kijijini waliishi. Mama aliyefungwa njia alipasuliwa, akabaki mzima, na hakuna aliyemwambia «sema jina». Wamama wenyewe waliipenda ile kilo. Mpaka leo mama wa Lubumbashi anatunza karte ya mtoto sawa anavyotunza franga, na anajua uzito wa mtoto wake kuliko umri wake. Shida si mizani. Shida ni kwamba waliondoa desturi iliyolinda mama, na hawakuweka kitu mahali pake. Hesabu ya kompani ilikuwa ya mikono ya kazi. Afya ya mama mwaka kwa mwaka haikuwa mu hesabu ile.

4. Upande wa vijiji, na nyuma ya uhuru

Sisi watu wa Mitwaba hatukuwa mu kampi kubwa za shaba. Kwetu ilikuwa kasiterite, mlima na pori la Upemba. Mu vijiji, materinite nyingi za kwanza zilijengwa na misheni, na nyuma ya 1947 na mfuko wa Leta ulioitwa Fonds du Bien-Être Indigène, ambao ulichimba visima na kujenga dispansere na materinite mu vijiji vya Congo. Kwa hiyo mama wa kijiji alizoea njia mbili: akipata nafasi, ku materinite, akikosa, kwa mama mzalishaji.

Mwanzo wa 1967 Union Minière ilikamatwa na Leta, na nyuma yake ikaitwa Gécamines. Kwa miaka mingi lopitalo zake ziliendelea kupokea wazazi bure, na wengi wetu tulizaliwa mule. Lakini mgodi wa Kamoto uliporomoka mu 1990, kazi ikaanguka, mishahara ikakawia, dawa zikapunguka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka Gécamines kwa ile waliyoita «départ volontaire». Pamoja na kazi, jamaa zao zilipoteza na munganga wa bure. Wamama waliozoea kwa miaka karibu 80 kwamba kuzala ni jambo la kompani, wakaambiwa kwa ghafula: sasa ni jambo la mfuko wako. Tangu hapo mu miji mingi ya Congo ilisikika habari ya mama aliyezala na kuzuiliwa ku lopitalo, yeye na mtoto wake, mpaka jamaa ilipe.

Kwetu kaskazini ilikuja na vita. Watu waliita sehemu ya katikati ya Manono, Mitwaba na Pweto «pembetatu ya kifo». Mu 2005 na 2006 maelfu ya watu walikimbilia Mitwaba na kulala mu makambi ya wakimbizi, mpaka mkubwa wa Mai-Mai, Gédéon Kyungu Mutanga, alipojitoa hapa Mitwaba mwezi wa tano 2006. Baada ya kutoroka kwake mu gereza la Lubumbashi mu 2011, watu walikimbia tena. Mimba haingojei amani. Wamama walizala mu pori, njiani, chini ya shitingi. Na hapo mama mzalishaji, ambaye watu wa mji walimwita mtu wa zamani, ndiye aliyekuwako.

5. Wachunguzi wa leo wanasema nini?

Tuweke sasa desturi za bankambo mbele ya uchunguzi wa siku zetu, moja kwa moja.

Kuachanisha uzazi. Mu 1988 wataalamu walikutana Bellagio, Italia, wakakubaliana: mama anayenyonyesha mtoto wake ziwa tupu, usiku na mchana, ikiwa damu ya mwezi haijarudi na mtoto hajapita miezi sita, amelindwa na mimba karibu mara 98 kwa 100. Mu 2005 wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani walishauri mama angoje angalau miezi 24 nyuma ya kuzala mbele ya kutafuta mimba nyingine. Miezi 24: mtoto anatembea, anaanza kusema. Bankambo hawakuwa na karatasi, lakini hesabu yao ilikuwa hiyo hiyo.

Maziwa ya kwanza. Hapa tulikosa. Mu sehemu nyingi yale maziwa ya manjano yalimwagwa, watu wakisema ni machafu. Leo inajulikana kwamba ndiyo yanayompa mtoto kinga ya kwanza, na mtoto anyonye mu saa ya kwanza.

Kitovu. Hapa pia tulikosa, pale watu walipoweka majivu, mafuta ao unga wa mti. Kitovu kinataka usafi na kukauka. Pepopunda ya watoto wachanga iliua wengi, na watu waliita uchawi. Ni chanjo ya mama mwenye mimba, pamoja na wembe safi, vilivyoishinda: mu 2019 inchi yetu ilihesabiwa kati ya zile zilizoondoa ugonjwa huo kuwa tisho kwa wamama na watoto wachanga.

Joto la mwili. Mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati anakufa kwa baridi. Mu 1978, kule Bogotá, inchi ya Colombia, Dokta Edgar Rey Sanabria alikosa mashine za kutosha za kuwapasha watoto joto, akawafunga watoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Uchunguzi uliofanyika mu lopitalo tano za Ghana, Uhindi, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukatangazwa mu 2021, ulionyesha kwamba kuanza hivyo mara moja, bila kungoja mtoto apate nguvu, kunapunguza vifo kwa robo. Kinachotakiwa ni kifua cha mama na kikwembe. Hakuna mama wa Katanga asiyekuwa na kikwembe.

Damu nyuma ya kuzala. Hii ndiyo inaua wamama haraka. Uchunguzi mwingine, uliofanyika mu lopitalo 80 za Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika ya Kusini na kutangazwa mu 2023, ulitumia mfuko wa plastiki wenye mistari, unaowekwa chini ya mama ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho, na dawa zote zitolewe pamoja mara moja. Hatari ya damu nyingi na matokeo yake mabaya ilipunguka kwa 60 kwa 100. Hapa mama mzalishaji wa zamani, hata akiwa na mikono mizuri namna gani, hawezi. Kukanda peke yake na majani havitoshi kuzuia damu ile.

6. Kuchelewa mara tatu

Mu 1994 wachunguzi wawili, Thaddeus na Maine, waliandika kwamba mama anakufa kwa kuchelewa mara tatu: kuchelewa kukata shauri, kuchelewa kufika, na kuchelewa kutunzwa akiisha kufika. Watu wa Mitwaba hawahitaji kufafanuliwa maneno haya. Shauri linachelewa kwa sababu mume hayuko, ao kwa sababu mtu bado anauliza «sema jina». Kufika kunachelewa kwa sababu ya barabara: toka hapa mpaka Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 400, na wakati wa mvua hata njia ya kufika lopitalo ya Mitwaba ao ya Mufunga-Sampwe inakuwa matope, mama anabebwa ku kinga ao ku moto. Kutunzwa kunachelewa kwa sababu damu ya kuongeza haiko, ao franga haiko.

Uchunguzi wa Leta wa 2013-2014 ulihesabu wamama 846 wanaokufa kwa ajili ya uzazi kwa watoto 100.000 wanaozaliwa wazima, ijapokuwa wazazi 80 kwa 100 walikuwa wanazalia mu nyumba za afya. Maana yake kufika ku materinite peke yake hakutoshi; mule ndani muwe mtu anayejua, na muwe dawa. Mu mwezi wa tisa 2023 Leta ilianza Kinshasa mpango wa kuzala bure, na mpango huo umepelekwa polepole mu provinsi nyingine. Ni hatua nzuri. Lakini bure bila dawa ni jina tu.

Mwisho

Tumeona basi kwamba binti anayezala haraka haraka hakupoteza heshima. Nkambo wake wa kike alivuliwa zile nguzo tatu mu kampi, na hakupewa nyingine. Kumcheka hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kumweleza yeye na mume wake, wote wawili, kwamba kungoja miezi 24 ni desturi yetu wenyewe, na kwamba leo iko njia za munganga za kungoja bila kuachana kitandani. Wazee wakilisema hili, litasikiwa kuliko ubao wa dispansere.

Tunaomba pia mama mzalishaji asifukuzwe. Kazi yake ya leo isiwe kukata kitovu, iwe kujua nyumba zote zenye mimba, kumleta mzazi ku materinite mbele ya uchungu kuzidi, kumshika mgongo, na kumrudisha nyumbani na kumfundisha kunyonyesha. Mambo hayo aliyajua tangu zamani.

Na ninyi wanafunzi mtakaosoma kitabu hiki, kaeni karibu na nkambo zenu wa kike mbele hawajaondoka. Waulizeni walizala namna gani, nani aliwashika, nani alikufa na kwa nini. Andikeni. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini habari za uchungu ule, na wengine wanaweza kuzijua, ikiwa mtu ameziuliza kwa heshima.